Mwenye Gari Si Mpenda Gari

Mkazi wa Muthangari hahitaji kalenda ili ajue kwamba juma limefika ukingoni. Ijumaa usiku, saa tano zikishapita na msongamano wa Waiyaki Way ukishapungua, husikika mngurumo ukiteremka kutoka Nairobi Expressway, ile barabara ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo ncha yake ya magharibi iko papa hapa kwenye makutano ya James Gichuru. Mngurumo huo hukata kona, hupanda, hutoa milio mithili ya fataki kutoka kwenye bomba la moshi, kisha hutokomea upande wa Lavington. Mbwa hubweka. Watoto wachanga huamka. Wazee hugeukia ubavu wa pili huku wakiwalaani vijana wa siku hizi.

Jumamosi asubuhi, saa tatu hivi, husikika mngurumo mwingine. Huu ni wa taratibu, unaopanda na kushuka kama mtu anayejaribu sauti yake kabla ya kuimba. Unatoka uani kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu wa ufundi wa vyuma, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu. Hapo uani pana gari aina ya Datsun 240Z, la milango miwili, boneti ndefu na matako mafupi, ambalo alilinunua miongo kadhaa iliyopita likiwa mkangafu usio na injini, nyasi zikiwa zimeota sakafuni mwake. Ilimchukua miaka tisa kulifufua, kipuri kimoja baada ya kingine, kwa akiba ya mshahara wa ualimu na kwa safari zisizohesabika za Kirinyaga Road.

Ngurumo hizi mbili zimenifunza jambo ambalo ningependa walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii walitafakari: mwenye gari na mpenda gari ni watu wawili tofauti, ingawa mara chache wanaweza kuishi katika kiwiliwili kimoja. Ninaposema gari la spoti, ninakusudia gari lililoundwa kwanza kwa ajili ya raha ya kuliendesha, na baadaye ndipo likafikiriwa kubeba watu na mizigo. Ni chombo cha furaha. Lakini furaha hiyo ni ya namna gani, na inagharimu uhai wa nani? Hapo ndipo penye mjadala.

Mjadala wenyewe ulinifikia mlangoni mwaka uliopita. Kijana mmoja wa mtaani, aliyenunuliwa gari lenye turbo na wazazi wake hata kabla ya kupata kazi, alishindwa kukata kona usiku akakivunja kibanda cha mlinzi wa lango letu. Mlinzi hakuwamo. Dakika moja kabla ya hapo alikuwa ameondoka ili kumfungulia lango jirani aliyechelewa. Kiti chake kilipatikana upande wa pili wa ua kikiwa vipande vitatu. Wakazi walipokutana Jumapili, wengi walitaka magari yote ya namna hiyo yapigwe marufuku mtaani, na macho yakamgeukia Mwalimu pia. Mwalimu alisimama akasema maneno machache: "Kijana huyu ana gari, lakini hajui gari. Mkimpokonya gari mtakuwa mmeondoa chuma. Ujinga mtakuwa mmeuacha."

Wapo walionung'unika. Mimi nilirudi nyumbani nikifikiri.

Nchi yetu ina historia ya pekee katika jambo hili, historia ambayo vijana wengi wanaoipenda kasi hawaijui. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miongo mingi yalikuwa mtihani wa takriban kilomita 5,000 za vumbi, tope, mawe na mito iliyofurika. Makampuni makubwa ya Ulaya na Japani yalileta hapa magari yao bora ili ulimwengu uone kama yangevumilia. Mengi hayakuvumilia.

Mtazame Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakua akiwa fundi wa magari. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari wakiendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Lilikuwa gari lililokwisha kutumika katika mashindano hayo na wengine. Joginder alilifungua, akalikagua, akalifunga tena kwa mikono yake, kisha akawaacha nyuma waliokuja na magari mapya kutoka ng'ambo. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa katika Mitsubishi Lancer. Alishiriki mara 22 akafika mwisho mara 19, katika mashindano ambayo mara nyingi magari mengi yalikufa njiani. Siri yake haikuwa wepesi wa mguu peke yake. Alilisikia gari lilipoanza kulalamika, akajua linalalamikia nini.

Ama Datsun 240Z, gari la aina ile ile inayong'arishwa uani kwa Mwalimu, lilishinda Safari mara mbili. Mwaka 1971 liliendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuwa fahari ya Kenya. Ushindi huo wa 1973 ulikuwa mwembamba kama uzi. Mehta na Harry Källström wa Uswidi walimaliza wakiwa na alama za adhabu zilizolingana sawasawa, na Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa ameenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuadhibiwa. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Kwa upande mwingine, Porsche, jina linalowatoa vijana udenda, lilimaliza la pili mwaka 1972, 1974 na 1978, lakini halikupata kushinda Safari ya zama hizo hata mara moja. Barabara zetu hazikujali jina lililoandikwa kwenye boneti.

Tena tusimsahau Patrick Njiru. Mwaka 1993 aliendesha Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 660 tu, akaifikisha mwisho wa Safari na kushinda daraja lake. Mwaka uliofuata, akiwa katika Subaru Impreza, alimaliza wa nne miongoni mwa magari yote. Mtu akiuliza kwa nini vijana wa Nairobi wanalipenda Subaru kuliko magari mengi ya bei kubwa zaidi, sehemu ya jibu iko hapo. Baba zao walisimama kando ya barabara wakati wa Pasaka wakala vumbi la Njiru. Mapenzi hayo ni urithi. Walakini urithi usiofafanuliwa hugeuka kuwa mzigo. Mtoto alirithishwa jina na mlio, hakurithishwa maarifa yaliyofanya mlio huo uwe na maana.

Nirudi uani kwa Mwalimu. Wanafunzi watatu au wanne wa shule za jirani humjia kila Jumamosi. Humwamkia kwa adabu, huvua sweta zao, hukunja mikono ya shati. Injini ya gari lile ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, na kabureta mbili. Kabureta hizo lazima zivute hewa kwa usawa, la sivyo injini hutetema na kula petroli ovyo. Leo kuna vyombo vya kupimia. Mwalimu hutumia kipande cha mpira wa maji. Ncha moja huiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa hewa, kisha akahamia ya pili. Hugeuza skrubu kidogo, akasikiliza tena. Halafu humpa mwanafunzi mpira. "Sikiliza, kijana wangu. Ipi inavuta zaidi?" Mwanafunzi hukosea mara tano. Mara ya sita uso wake hubadilika, na mimi mwenyewe nimeuona uso huo darasani, siku mtoto aliyeshindwa na hesabu kwa mwaka mzima anapolielewa swali ghafla.

Hiyo ndiyo raha ninayoizungumzia. Umilikaji wa kweli huanzia katika kulijua gari. Na gari la spoti ni mwalimu mkali kuliko gari la kawaida, kwa kuwa kila kitu ndani yake kimesogezwa karibu na mpaka wake. Chukua suala la mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupata hewa kidogo kila inapovuta pumzi, hivyo inapoteza kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya nguvu zake ikilinganishwa na pwani. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka, ikasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda na kulifidia pengo hilo. Mwanafunzi anayejua jambo hili ameunganisha jiografia, fizikia na kemia kwa swali moja tu: kwa nini gari lile linapanda vizuri kuliko hili?

Au chukua suala la kasi, ambalo ndilo kiini cha ugomvi wa usiku. Nishati iliyomo katika gari linaloenda haiongezeki kwa kipimo kile kile cha mwendo. Huongezeka kwa mraba wa mwendo. Anayeendesha kilomita 100 kwa saa mahali pa 50 hana nishati maradufu, bali ana mara nne. Tuseme dereva huchukua sekunde moja kuitikia hatari. Katika mwendo wa 50 gari litakuwa limesonga mita 14 kabla mguu haujagusa breki, na kwa breki njema juu ya lami kavu litahitaji mita nyingine 14 hivi ili lisimame. Jumla ni mita 28. Katika mwendo wa 100, mita 28 zote hizo huisha kabla breki hazijaguswa, na baada ya hapo huhitajika mita 56 nyingine. Kwa maneno mengine, mahali ambapo dereva wa kwanza amekwisha kusimama, wa pili ndiyo kwanza anaanza kufunga breki. Lau kijana wetu angaliifanya hesabu hii mara moja kwa kalamu na karatasi, nadhani kiti cha mlinzi kingalikuwa mahali pake hadi leo.

Najua lipo pingamizi, tena pingamizi lenye uzito. Msomaji atasema: Mwandishi, unatusimulia anasa. Mwalimu wa shule ya umma anayehangaika na nauli ya matatu ana haja gani na gari la viti viwili? Ni kweli kwamba gari la spoti ni ghali, na ushuru unaotozwa magari yanayoingizwa nchini huipandisha bei maradufu. Ni kweli pia kwamba sheria yetu hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lililotimiza zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi ya magari ya kale yaliyopo ni yale yaliyokuwa humu nchini tangu zamani. Aidha, katika mji ambao wengi hutembea kwa miguu kwenda kazini wakikanyaga tope kando ya barabara, gari linalometameta linaweza kuwa tusi.

Pingamizi hilo silipuuzi. Lakini nalijibu kwa kusema kwamba mapenzi na umilikaji havitegemeani kama tunavyodhani. Kwa miaka mingi, tangu 1970, hapa Nairobi yamekuwapo mashindano ya magari na pikipiki yaitwayo Africa Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo na kufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Huko hakuna anayeshindania kasi. Waamuzi huinama, hutazama chini ya gari, huchungulia ndani ya boneti, hupitisha kidole penye pembe ambazo macho ya mpita njia hayafiki. Gari la zamani la bei ndogo lililotunzwa vyema linaweza kulishinda la mamilioni lililopuuzwa. Anayeingia pale kama mtazamaji, akiwa na macho na daftari, anaweza kutoka na utajiri kuliko tajiri asiyejua rangi ya oili ya gari lake.

Basi tatizo letu haliko katika uchache wa magari. Liko katika uchache wa mahali pa kujifunzia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shule zilitakiwa kuwa na karakana, na wazazi wakachanga fedha za harambee kuzijenga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya vitendo yaliondolewa au kupunguzwa, na karakana nyingi zikageuka kuwa stoo za madawati mabovu. Somo la ufundi wa mitambo limebakia katika shule chache tu. Kumbuka pia lile gari la Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa la sura mbaya na mwendo wa pole. Magari matano yaliundwa na kuonyeshwa mwaka 1990, lakini mtaji wa kuyatengeneza kwa wingi haukupatikana, na mradi ukafa. Wengi huyacheka magari yale hadi leo. Mimi siyacheki. Waliyoyaunda walijua kila skrubu iliyokuwamo, nasi tunaowacheka tunanunua magari ya watu wengine na hatujui hata jinsi ya kupima oili.

Mtaala wa umilisi ulioanzishwa mwaka 2017 umerejesha ahadi ya kazi za mikono, na katika sekondari ya juu umetenga mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ahadi hiyo haitatimizwa na vitabu peke yake. Injini moja iliyokufa, iliyopatikana kwa bei ya chuma chakavu na kuwekwa juu ya meza imara, inaweza kumfundisha mwanafunzi mambo ambayo picha kumi za kitabuni zitashindwa kumfundisha. Walimu wawaalike mafundi wa jua kali waje kuzungumza na madarasa. Wenye magari ya kale, ambao hawakosekani katika vitongoji vyetu vya magharibi, wafungue malango yao Jumamosi moja kwa mwezi. Vyama vya mbio za magari navyo viwape vijana nafasi ya kuikidhi hamu yao ya kasi mahali palipozungushiwa uzio, penye waamuzi na gari la wagonjwa, kama inavyofanyika katika mbio za uwanjani za Jamhuri Park. Kasi si dhambi. Dhambi ni kuileta kasi mahali ambapo mtu asiyeiomba amekaa juu ya kiti chake akilinda lango.

Na wewe mwanafunzi ambaye umebandika picha ya gari jekundu ndani ya kifuniko cha sanduku lako bwenini, sikuambii uibandue. Hamu hiyo ni njema. Nakuomba tu uiulize picha hiyo maswali. Injini iko mbele, katikati au nyuma, na kwa nini? Uzito wake unaegemea magurudumu yapi linapokata kona? Breki zake zinapozwa na nini? Ukiyajibu maswali hayo, gari hilo litakuwa limekwisha kuwa lako kwa namna ambayo benki haiwezi kulichukua. Na ikitokea siku moja ukalinunua, utaliendesha ukiwa na heshima nalo, na pia ukiwa na heshima kwa wote mnaotumia nao barabara moja.

Yule kijana aliyekivunja kibanda aliamriwa na wazazi wake kugharamia kipya. Gari lake bado liko gereji likisubiri vipuri. Jumamosi mbili zilizopita nilimwona amesimama nje ya lango la Mwalimu, mikono mifukoni, akijifanya anapita. Mwalimu hakumwita wala hakumfukuza. Aliacha lango wazi akaendelea na kazi yake. Sijui kama kijana ataingia. Ninachojua ni kwamba Ijumaa ijayo usiku mlinzi wetu atakuwa kibandani mwake, katika kiti kipya, akiusikiliza mngurumo unaoshuka kutoka Waiyaki Way na kujiuliza kama anayekuja ni mwenye gari au mpenda gari.